Jinsi ya kurekodi video fupi itakayomfikisha mwanaume jikoni kwake

Mimi ni mpishi wa mlimani, naishi Pasua, Moshi. Nikipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame napika uji alfajiri, supu jioni, chapati za maji kwa wageni na ugali kwa wagumu, wenzetu wanaobeba mizigo. Pale kambi ya Barafu, mita 4,673 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi. Wali unagoma kuiva bila sufuria ya presha, na anayeweza kuuivisha anaheshimiwa na kambi nzima. Huko juu hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimelishwa limbwata.

Kisha mke wangu akajifungua. Mama mkwe alikuwa mgonjwa Rombo, hakuweza kuja, kwa hiyo nikawasha jiko la mkaa mlangoni nimpikie mzazi mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Jirani akasimama: "Kaka, siku hizi umekaliwa?" Mikono ileile, upekecho uleule, yaani mti wa kupekechea chakula. Tofauti ni kwamba mlimani nalipwa, na hapa nampikia mama wa mtoto wangu. Neno lile liliniuma, na ndilo lililonifanya nianze kurekodi. Kama na wewe unataka kurekodi, mimi nafanya hivi.

Anza na kazi ambayo wanaume tayari wanaiheshimu mahali pengine. Madobi wengi mjini ni wanaume. Wachoma nyama ni wanaume, wakaanga chipsi hivyo hivyo. Kwa hiyo usihangaike kuthibitisha kwamba mwanaume anaweza kufua au kupika. Kila mtu anajua anaweza. Onyesha kazi hiyohiyo ikihama kutoka kwenye malipo kwenda nyumbani. Mimi niliunga vipande viwili: sekunde tano nakata vitunguu kwenye hema la jikoni kambini, halafu mikono ile ile inakata vitunguu Pasua, mtoto analia kwa ndani. Sikusema neno lolote.

Nasisitiza hilo la kutosema kwa sababu video yangu ya kwanza ilikuwa dakika nne za mahubiri: wanaume tubadilike, dunia imebadilika. Walioifikisha mwisho ni wale waliokubaliana nami tangu zamani. Mwanaume akiona anafundishwa, anapitisha kidole na umempoteza.

Simu ishike wima. Mwanga wa mlangoni saa tatu asubuhi unatosha kabisa. Isizidi dakika moja, maana bando ni hela, na andika maneno makubwa kwa anayetazama kwenye daladala bila sauti. Basi, hayo ya mitambo yameisha. Kazi kubwa ni kuchagua unachosogelea.

Kwenye mtori nasogelea sufuria. Ndizi na nyama zimeiva hadi zinaachia, naweka upekecho katikati ya viganja na kuuzungusha, mbele, nyuma, mbele. Uji mzito unaanza kupumua, vipovu vinapasuka pembeni, mti unagonga chuma kwa mdundo wake. Hiyo sauti usiizibe na muziki wowote. Mtu aliyelelewa huku ameisikia tangu utotoni, na safari hii anaisikia ikitoka kwenye mikono yenye makovu ya kamba za mizigo. Video hiyo ndiyo iliyoleta komenti niliyokuwa naisubiri, kutoka kwa kijana wa bodaboda: "Nyama unaitoa kwanza au unapekecha nayo?" Ukipata "hongera" mia moja, shukuru. Ukipata swali moja la namna hii, ujue kuna mtu anakwenda kujaribu.

Neno moja liondoe kabisa kwenye maandishi yako: "namsaidia". Ukiandika "namsaidia mke wangu kupika," umeshasema jiko ni lake na wewe ni mgeni mwema. Andika "napika".

Mada ya pili ambayo mlima umenifundisha ni hii ya "jikaze, wewe mwanaume". Kule juu kujikaza kunaua. Kichwa kinauma, chakula hakipandi, kichefuchefu kimeanza, na mtu ananyamaza ili asionekane dhaifu. Akiendelea kupanda, mapafu yanaweza kujaa maji au ubongo ukavimba, na dawa ya kwanza ni kumshusha. Ndiyo maana kiongozi mzuri anamuuliza kila mtu kila jioni, na mpagazi asisahaulike. Nilimrekodi kiongozi mmoja akiuliza, na mgumu mwenye kifua kipana akajibu taratibu, "Kichwa kinanisumbua tangu mchana." Hakuna aliyecheka. Video iliishia hapo. Ukiwa dereva, fundi au mchimbaji, tafuta mahali kwenye kazi yako ambapo kusema "nimeumia" kunaokoa, urekodi hapo.

Kabla ya kuposti, aliyeonekana aitazame yote. Huyo mgumu alikaa nayo siku mbili kabla ya kukubali, na angekataa ningeifuta. Mke wangu alishakataa moja na haikutoka. Sura ya mtoto siweki, wala sare ya shule.

Matusi yatakuja. Ya kwangu nayaacha, ya mke wangu nayafuta papo hapo. Anayebisha kwa hoja namjibu kwa hoja. Mmoja aliandika kwamba kazi za nyumbani si mchango wowote kwenye mali ya familia. Nikamwandikia kwamba Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishalijibu hilo mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango. Hakurudi kubisha.

Yule wa bodaboda alirudi, lakini. Wiki iliyofuata alinitumia video yake WhatsApp, amesimama jikoni na kofia ngumu bado kichwani, giza tupu, mtori wenyewe una mabonge. Nikamjibu: sogeza jiko mlangoni, na ndizi ziache ziive dakika kumi zaidi kabla hujapekecha.