Kunoa Kisu cha Kubebeshea Miche Chenye Makali ya Upande Mmoja

Wenye vitalu vya michungwa, kuanzia Muheza hadi viungani mwa jiji la Tanga, wanakifahamu kisu kidogo cha kukunja ambacho ubapa wake mmoja umenyooka kabisa na wa pili umechongwa kwa mteremko unaoishia kwenye makali. Kunoa kisu hiki kunatofautiana na kunoa kisu cha jikoni kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba chuma huondolewa upande wa mteremko peke yake. Anayekinoa pande zote mbili, hata kama atakifikisha kwenye ukali wa kunyolea ndevu, amekwisha kukigeuza kuwa kisu kingine.

Sababu imo katika kazi yenyewe. Unapochonga kikonyo, yaani kijiti cha mchungwa, ili kukipachika kwenye mche wa limau wenye unene wa penseli, upande bapa ndio unaolala juu ya mti na kuongoza mkato, ilhali upande wa mteremko unasukumia nje kile kinachobanduliwa. Mkato hutoka ukiwa umenyooka, nyuso mbili zikagusana toka mwanzo hadi mwisho, na ule utando wa ute ulio kati ya gome na mti, ambao ndio unaounganisha sehemu hizo mbili, ukakutana na mwenzake bila kuacha nafasi ya hewa. Kisu chenye mteremko pande zote mbili huelekea kupanda na kushuka ndani ya mti, na mkato wake huwa na mbonyeo. Isitoshe, kisu cha jikoni kilichonolewa kwa nyuzi 15 kila upande kina makali ya nyuzi 30 kwa jumla, lakini hiki chenye nyuzi 20 upande mmoja na sifuri upande wa pili kina nyuzi 20 tu. Wembamba huo unakipa ukali, na papo hapo unakifanya kiwe rahisi kumeguka, kwa hiyo kisitumiwe kukatia kamba za katani wala kufungulia makopo ya rangi.

Kabla ya kununua, angalia kimetengenezwa kwa mkono gani. Kwa kawaida, ukikishika makali yakiangalia chini na ncha ikiangalia mbele, kisu cha mtu wa mkono wa kulia huwa na mteremko upande wa kulia. Mwenye mkono wa shoto atafute cha kinyume chake, wala asijaribu kukibadilisha kwa kukinoa.

Vifaa ni vichache. Kinoo cha pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini, hupatikana katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, na kinatosha kwa kuanzia. Asiyekipata anaweza kutumia msasa wa maji, ule ule unaotumiwa na mafundi wa rangi za magari, akaubandika juu ya kipande cha kioo kinene: namba 400 kwa kisu kilichochakaa, namba 1000 kwa kunoa kwa kawaida, na namba 2000 kwa kumalizia. Kwa maoni yangu msasa juu ya kioo unafaa kuliko kinoo cha bei nafuu, kwa sababu kioo hakichimbiki. Kinoo huliwa katikati kadiri kinavyotumika, na kinoo chenye bonde hakiwezi kulinda ubapa ulionyooka. Ikiwa ndicho ulicho nacho, kichore mistari ya penseli juu yake, kisha ukisugue kwa maji juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo hadi mistari yote ifutike. Chagua pia mara moja kama utatumia maji au mafuta, maana kinoo kilichokwisha kunywa mafuta hakifai tena kwa maji.

Kisu cha kukunja kina mambo yake ambayo kisu cha mpini wa kudumu hakina. Visu vingi vya aina hii havina kufuli. Huzuiwa na springi tu, na ukikandamiza mgongo wa bapa vinaweza kujifunga juu ya vidole. Kwa hiyo ukandamizaji utoke kwenye vidole vya mkono wa pili vilivyowekwa juu ya bapa, karibu na makali bila kuyapita, na mkono ulioshika mpini uwe wa kuongoza tu. Pini ya maungio nayo inahitaji kulindwa, kwa kuwa tope la kinoo likiingia humo hugeuka kuwa msasa wa ndani na kisu kikaanza kulegea. Izungushie utepe kabla ya kuanza, na kwanza kabisa futa utomvu uliogandia kwenye bapa kwa kitambaa chenye spiriti, kwa sababu ukiachwa huziba kinoo na kukidanganya kisu kikae vibaya.

Sasa laza mteremko juu ya kinoo kilicholoweshwa. Huna haja ya kupima nyuzi: mteremko wenyewe ulitoka kiwandani ukiwa na mwinamo wake, na kazi yako ni kuutafuta kwa vidole hadi uhisi umekaa wote, haubembei mbele wala nyuma. Asiyeziamini hisia zake aupake mteremko wino wa kalamu nene, apitishe kisu mara mbili tatu, kisha atazame. Wino ukibaki kwenye ukingo wa makali, mgongo umelala mno; ukifutika pale ukingoni tu, mgongo umeinuliwa mno; ukifutika sawasawa, mkono umepata mahali pake. Kwenye kinoo unaweza kusukuma na kuvuta, lakini kwenye msasa vuta tu, mgongo ukitangulia, kwa sababu makali yakitangulia yatauchana. Endelea kutoka kwenye shina la bapa hadi nchani bila haraka na bila nguvu nyingi, ukiongeza maji kila yanapokauka.

Alama ya kuwa umefika ni kikunjo chembamba cha chuma kinachojitokeza upande wa pili, yaani upande bapa. Kitafute kwa kupitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kando ya makali yenyewe, nawe utahisi kitu kinachokwama kwenye ngozi. Kikunjo hicho kisipokuwepo kwa urefu wote, pale kinapokosekana ndipo palipobaki butu, na kuhamia kwenye kinoo laini kabla ya kukipata ni kupoteza muda. Kikishapatikana, rudia kazi ile ile kwenye upande laini hadi mikwaruzo ya kwanza ipotee.

Kukiondoa kikunjo ndiko kunakoharibu visu vingi. Kigeuze kisu, kilaze upande bapa wote juu ya kinoo laini kabisa, mgongo na makali vikigusa kwa pamoja, na ukivute mara mbili au tatu kwa wepesi. Kishawishi cha kuinua mgongo kidogo ili kikunjo kitoke upesi ni kikubwa, na wengi huangukia hapo. Hata kuinua kwa unene wa karatasi kunazalisha mteremko mdogo wa pili, na mteremko huo hautoki ila kwa kusaga bapa zima. Malizia kwa ngozi ya mkanda wa zamani iliyonyooshwa juu ya ubao, mgongo ukitangulia, mara nyingi kwa upande wa mteremko na mara chache kwa upande bapa uliolazwa vilevile.

Kwa kukijaribu, karatasi ya gazeti haitoshi. Chukua kijiti kibichi cha mchungwa na ukichonge kwa mkato mmoja mrefu, kisha ukielekeze kwenye mwanga. Uso uliokatwa na kisu kilichonolewa vizuri humeremeta kwa unyevu na hauna mistari. Ukiona mstari mwembamba ulioinuka kwa urefu wa mkato, makali yana pengo mahali fulani, na itakubidi urudi kwenye kinoo cha kukwaruza.

Mapengo makubwa humpeleka mtu kwa mnoaji wa jiwe la kuzunguka la kukanyaga kwa mguu au la umeme. Sikushauri. Mbali na kwamba atanoa pande zote mbili kwa mazoea, joto la jiwe hilo huharibu ugumu wa chuma cha kaboni: rangi ya manjano ya nyasi kavu hutokea karibu na nyuzi joto 220, na ikifika buluu, karibu na 300, ukingo huo umelainika na hautashika makali tena hadi usagwe wote. Msasa wa namba 400 ni wa polepole, lakini hauchomi.

Upepo wa chumvi wa pwani hukipa chuma kutu katika usiku mmoja, kwa hiyo kisu kisikunjwe kikiwa na maji. Kikaushe, weka tone la mafuta ya cherehani kwenye pini na kwenye bapa, ukifungue na kukifunga mara kadhaa. Wanaobebesha michungwa wana sababu ya ziada ya kufanya hivyo, kwa kuwa ugonjwa wa eksokotisi huhamia kutoka mche hadi mche kwa kisu, na spiriti haitegemewi kuuzuia. Inatakiwa jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, kati ya mti mama mmoja na mwingine. Jiki hiyo hiyo hula chuma cha kaboni, basi kisuuze kwa maji safi mara baada ya hapo, kifute, na jioni ukipake mafuta.