Kusoma Spektra za Asteroidi Zinazofanana na Kometi

Mwanafunzi aliye Nairobi, ambako taa za jiji huzima nyota nyingi, hana haja ya darubini yake ili kuchunguza asili ya asteroidi zenye tabia za kometi, kwa kuwa mwaka 2022 Shirika la Anga la Ulaya lilitoa bure spektra (vipimo vya mwanga kwa kila rangi) za asteroidi 60,518 zilizopimwa na chombo cha Gaia. Kompyuta ya kawaida na bando la intaneti vinatosha.

Anza na obiti, si spektra. Kokotoa kigezo cha Tisserand, kinacholinganisha obiti ya gimba na ile ya Mshtarii: kikiwa chini ya 3, gimba linakwenda kama kometi, kikizidi 3, kwa kawaida ni asteroidi. Don Quixote, yenye kigezo cha takriban 2.3, ilihesabiwa kuwa asteroidi tangu 1983, hadi picha za darubini ya Spitzer zilipofichua gesi na mkia wake.

Mwanga unaopimwa ni wa Jua uliodunda juu ya jiwe, hivyo anayepima mwenyewe lazima augawanye kwa spektra ya nyota inayofanana na Jua, kwa mfano 16 Cygni B, ndipo rangi ya jiwe lenyewe ijitokeze. Data za Gaia zimekwisha kugawanywa, ila bendi za ncha zote mbili haziaminiki sana. Soma alama za ubora kwanza.

Mabonde ya spektra (mahali mwanga unapopungua) karibu na urefu wa wimbi wa mikromita 1 na 2 huashiria madini ya olivini na piroksini, yaani mwamba usio wa kometi. Mstari usio na bonde, unaopanda kuelekea wekundu, kwenye gimba jeusi linaloakisi mwanga kidogo mno, ni wa kundi D, na viini vya kometi hufanana nalo.

Kisha kuna Phaethon, mzazi wa vimondo vya Geminidi ambavyo mtu wa Nairobi huviona vizuri katikati ya Desemba akitoka hadi Magadi. Huota mkia kama kometi, lakini kigezo chake ni takriban 4.5 na spektra yake ni ya samawati, inayokaribiana na ya asteroidi Pallas. Vipimo vya eneo la mikromita 3 havikuonyesha madini yenye maji; hata hivyo, kwa kuwa uso wake hupita nyuzi 700 za Selsiasi unapolikaribia Jua, ukavu huo haumruhusu mchunguzi kuamua kwamba maji hayakuwapo tangu mwanzo.