Mgongo wa jaketi umejaa: nembo nyingine uzishone wapi?

Wengi wetu tunaopiga masafa ya kusini kwa pikipiki huanza kushona nembo za safari mgongoni. Nembo ya kikundi katikati, chini yake Mikindani, pembeni Daraja la Mkapa, kisha Daraja la Umoja kule Mtambaswala. Mara nafasi imekwisha, na bado Kilwa hujaenda.

Hatua ya 1. Vaa jaketi, panda pikipiki, shika usukani. Mwenzako apige chaki kila panapojikunja: ndani ya viwiko, kwapani, kiunoni. Hapo usishone, uzi utakatika.

Hatua ya 2. Chomoa pedi zote za kinga. Unaposhona, mkono mmoja uwe ndani ya mfuko wa pedi, usije ukaushona ukafunga. Jaketi ambalo pedi hairudi si la safari tena.

Hatua ya 3. Sasa tafuta nafasi. Kifuani juu ya mfuko, na mkononi kati ya bega na kiwiko, panatosha nembo ndogo. Begi la tenki na mabegi ya pembeni watu huyasahau. Mimi napenda zaidi bitana: nembo ya kumbukumbu haipigwi jua wala upepo wa chumvi, rangi inadumu. Ila shika bitana peke yake, sindano isitokeze nje.

Ukiwa na nembo nyingi, shonesha kizibao cha jinzi cha kuvaa juu ya jaketi. Jinzi inashoneka kirahisi na jaketi linabaki zima.

Riflekta, ule mstari unaong'aa ukimulikwa, usiifunike hata kidogo, si kwa nembo wala kwa kizibao. Mingoyo hadi Masasi usiku, msimu wa korosho, dereva wa lori anauona ule mstari kabla hajakuona wewe.

Hatua ya 4. Tumia uzi wa poliesta; wa pamba huoza upesi kwa jua na jasho. Kwenye ngozi pima mara mbili, maana tundu la sindano halizibi.

Maswali ya wanachama

*Masasi:* Shikamoo fundi. Nembo yangu ni ya kubandika kwa pasi. Jaketi ni la nailoni.
— Marahaba. Weka pasi kando, nailoni itayeyuka. Ishone kwa mkono.

*Lindi mjini:* Kaka, langu halipitishi maji. Nishone tu?
— Hapana ndugu yangu. Kila tundu litaingiza maji masika. Nembo ziende kwenye kizibao.

*Kilwa Masoko:* Na helmeti je?
— Usiitoboe, na usipake gundi yoyote uliyoiokota dukani. Kuna gundi zinazodhoofisha plastiki yake. Shona kwenye mfuko wa kubebea helmeti.

*Nachingwea:* Mimi hupenda kubadilisha nembo kila safari.
— Tumia velkro, dada. Upande laini ushone kwenye kizibao, wenye vikulabu kwenye nembo. Ukigeuza pande hizo, siku huna nembo vikulabu vitanasa vumbi na nyuzi, na vitakwangua begi lako.