Saa ya dashibodi inarudi 1:00 kila ukiwasha gari? Usinunue saa kwanza

Toyota za miaka ya 1990 na 2000 zinanijia mara kwa mara na ugonjwa huu, na mara nyingi mwenye gari ameshanunua saa ya mtumba, akaifunga, na bado inamzingua. Saa huwa nzima. Kinachokosekana ni umeme wa kuilisha.

Kwa kawaida saa hizi zina waya nne. Mmoja ni umeme wa kudumu kutoka betri, unaotunza muda hata gari likiwa limezimwa. Wa pili ni wa ACC (umeme unaokuja ukigeuza ufunguo hatua ya kwanza), unaowasha namba. Wa tatu unafuata taa ndogo, kazi yake kupunguza mwanga usiku. Wa nne ni ethi, yaani hasi inayoungwa kwenye chuma cha gari. Kwa hiyo namba zikiwaka vizuri lakini muda unaanza upya 1:00 (saa saba kwa hesabu yetu), tafuta umeme wa kudumu. Namba zisipowaka kabisa huku muda ukitunzwa, shughulika na ACC.

Hatua ya 1: Uliza majirani wa saa

Fungua mlango. Taa ya dari inawaka? Redio inakumbuka stesheni? Kwenye Toyota nyingi hivi vitatu vinakula fyuzi moja iliyoandikwa DOME, na mara nyingi iko chini ya boneti karibu na betri. Watu wanapekua boksi la chini ya usukani nusu siku bure.

Usiichomoe. Bana klipu ya testa (ile kalamu yenye taa ya kupimia umeme) kwenye bodi, chuma cha gari, gusa vile vidoa viwili vya chuma mgongoni mwa fyuzi. Taa ya testa ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika. Weka yenye ampea zilezile: kahawia ni 7.5, nyekundu 10, bluu 15. Karatasi ya pakiti ya sigara si fyuzi, nimeshaona waya zilizoyeyuka kwa sababu yake.

Ikiungua tena papo hapo, kuna waya unagusa bodi. Chomoa redio kwanza, kisha kagua waya za taa ya buti pale zinapojikunja kwenye bawaba.

Hatua ya 2: Betri

Kama muda unapotea pale tu unapopiga stata, fyuzi haina kosa. Betri iliyopumzika na kujaa inasoma karibu volti 12.6, na 12.2 ni kama nusu. Mwambie mtu apige stata huku unaangalia mita: ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au kichwa chake hakijakaza. Injini ikiunguruma utarajie 13.8 hadi 14.5. Ule unga mweupe wa kijani uoshe kwa maji ya moto, kisha piga msasa.

Hatua ya 3: Vilivyoongezwa

Hapa ndipo ninapokuta makosa mengi. Redio ya Kijapani imetolewa, imewekwa nyingine, na waya zimesokotwa na kufungwa seloteipu. Kwenye redio hizi za kununua dukani, njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni ACC, nyeusi ni ethi. Fundi mwenye haraka huunganisha njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa kudumu, redio ikawa hailali na betri inanyonywa usiku kucha.

Mteja mmoja alinilalamikia kwamba saa haitunzi muda. Kumbe kila jioni alikuwa anatoa kichwa cha betri ili asubuhi gari liwake! Saa itatunza nini?

Kupima umeme unaonyonywa gari likiwa limezimwa: weka mita kwenye ampea 10, toa waya wa hasi ya betri, unga mita kati ya nguzo hasi na waya huo, funga milango, subiri nusu saa. Chini ya ampea 0.05 ni sawa. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Usipige stata mita ikiwa imeungwa hivyo, utaiunguza.

Hatua ya 4: Sasa fungua saa

Toa hasi ya betri, subiri dakika chache, na soketi za njano za airbag usiziguse kwa testa. Chokoa saa kwa kipande cha plastiki, si bisibisi. Rudisha betri na upime kwenye soketi yake: umeme wa kudumu, ACC, ethi. Vyote vikiwepo, ugonjwa uko ndani ya saa.

Angalia kwenye saketi, chini ya rezista kubwa. Zinapata joto miaka mingi, lehemu inapasuka, na unaona kimduara chembamba kuzunguka mguu. Namba zinazofifia au kuwaka ukigonga dashibodi ni dalili yake. Yeyusha lehemu upya, ongeza kidogo.

Ukishafunga, weka muda kwa vitufe vya H (saa) na M (dakika). Kitufe cha :00 kibonyeze redio inapoanza taarifa ya habari. Ila kabla ya dakika ya 30 kinarudisha saa nyuma, baada ya hapo kinaipeleka mbele.