Tazama Mwezi Kabla ya Kufunga Dirisha: Kujiandaa kwa Dhoruba Kati ya Mafia na Kilwa

Anayeishi Mafia, Kilwa au kwenye delta ya Rufiji hawezi tena kusema kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Ni kweli kwamba huwa vichache karibu na ikweta, kwa kuwa huko nguvu ya mzunguko wa dunia inayouzungusha upepo ni dhaifu. Lakini Lindi ilipigwa Aprili 1952, na tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari, jambo la kwanza ni kujua mwezi una siku ngapi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, ilhali siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, tofauti hiyo huwa kama mita 1 tu. Dhoruba huongeza yake juu ya hayo: upepo huyasukuma maji nchi kavu, na kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, inaposhuka kwa hektopaskali 1 (kipimo cha mgandamizo huo), bahari huinuka kama sentimita 1. Hidaya kilikuja siku tatu baada ya robo ya mwisho ya mwezi, maji yakiwa bado madogo. Kingechelewa siku tano au sita kingeikuta bamvua, na naona bahati hiyo haikuzungumzwa vya kutosha.

Kwa hiyo, pima kiwanja chako mapema. Siku ya bamvua kubwa, ambayo mara nyingi huja karibu na Machi na Septemba, nenda ufukweni maji yakiwa yamejaa kabisa, pigilia kigingi pale yanapoishia, kisha mwombe fundi mwashi akupimie kwa mpira wake wa maji sakafu yako imekipita kigingi hicho kwa kimo gani. Ikiwa ni chini ya mita 1, mimi nisingebishana na tahadhari yoyote inayoangukia bamvua: ningewahamishia watoto na wazee kwenye mwinuko mchana, njia ikiwa bado inaonekana. Walio kwenye delta wana mashaka mawili, kwa sababu mto uliofurika wakati wa masika hukosa pa kutokea bahari inapojaa, na maji hurudi mashambani hata pasipo upepo mkali.

Vyombo vya uvuvi vivutwe juu ya kigingi, tanga na mlingoti vikiwa vimeshushwa, au viingizwe ndani ya kijito chenye mikoko minene na kufungwa kwa kamba ndefu. Angua nazi na makuti makavu yaliyo karibu na nyumba. Vyeti, vitambulisho na mbegu vitiwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Jaza madumu maji ya kunywa ya siku tatu au zaidi, kisha ufunike kisima.

Upepo ukikatika ghafla baada ya kuvuma sana, usitoke kwenda kutazama chombo chako. Huenda lililo juu yako ni jicho la kimbunga, yaani sehemu yake ya katikati iliyo tulivu, na upepo utarudi kutoka upande wa pili ukiwa na nguvu ileile.

Maji yakishapungua, usilale siku hiyohiyo katika nyumba ya fito na udongo, kwani ukuta uliolowa unaweza kuanguka baadaye, hata jua likiwa limeshawaka. Ingia na fimbo, kwa kuwa nyoka nao hukimbilia pakavu, na usiwashe umeme kabla fundi hajakagua nyaya. Kisima kilichoingiwa na mafuriko kichotwe chote na kutiwa klorini kabla ya kutumika tena, na hata hapo maji ya kunywa yachemshwe. Kikibaki na chumvi, kuchemsha hakutaiondoa, na itabidi maji ya kunywa yatoke kwingine.