Friji bovu liwe kabati la vijiti

Masika ya Pemba hayana huruma na vijiti vya kuchomelea: pakiti ukiifungua leo, wiki ijayo moto unakoroma, cheche zinaruka ovyo na mshono una vitundu. Tafuta friji bovu ambalo mlango wake bado unaziba, funga globu ya wati 60 chini, mbali na plastiki na maboksi, panga vijiti kwenye rafu, globu iwake mchana na usiku. Joto lile dogo hukausha hewa ya ndani, unga wa kijiti usinywe unyevu. Globu iwe ile ya zamani ya waya. Hizi za kubana umeme hazitoi joto la maana. Wanagenzi wangu walicheka, sasa wao ndio wanaoulinda mlango.

Kwa vijiti aina ya 6013, vile vya kazi za kawaida, inatosha. Aina ya 7018, ile isiyotaka unyevu kabisa, ikishakunywa maji haiokoki humo, inataka tanuri la nyuzi 300 na zaidi, saa nzima au mbili. Usiichanganye 6013 kwenye tanuri hilo, utaiharibu. Na kijiti chenye kutu au unga unaobanduka, tupa tu.