Jinsi ya kuandika insha ya uzalendo na hofu kwenye Lord of the Flies bila kusimulia kitabu chote

Insha nyingi za Lord of the Flies, riwaya ya William Golding, ninazoombwa kupitia zinaanza vilevile, ndege imeanguka, watoto wako kisiwani peke yao, Ralph mzuri, Jack mbaya, mpaka ukurasa wa pili swali bado halijaguswa. Jamani, msahihishaji kitabu alishakisoma. Swali likitaja uzalendo NA hofu, onyesha vinashikana wapi.

Fungua sura ya 2. Kuna katoto kenye baka usoni kanauliza habari za mnyama kama nyoka kaliyemuona usiku. Watoto wakubwa wanakabishia, mnyama gani bwana, hamna. Muda si mrefu Ralph anawatuliza wote kwamba baba yake yuko jeshi la majini na Malkia ana chumba kikubwa kimejaa ramani za visiwa vyote duniani, kwa hiyo hata hiki chao kimo. Umeona hiyo? Hofu imeingia mkutanoni na dawa wanayopewa ni Malkia. Sura hiyohiyo mbele kidogo Jack, ndiyo, Jack huyuhuyu, anasema lazima wafuate sheria kwa sababu wao si washenzi, ni Waingereza, na Waingereza ni bora kwa kila kitu. Anasema hayo siku ileile moto wao unawatoroka unachoma msitu, na kale katoto kenye baka hakaonekani tena. Aya moja nzima iache hapo, usikimbie.

Ukitoka hapo ruka mpaka mwisho wa sura ya 5, watoto wanatamani watu wazima wawatumie japo ishara tu. Sura ya 6 ishara inakuja kweli, maiti ya mwanajeshi inashuka na parachuti kutoka vitani. Pacha Sam na Eric wanaiona gizani wanatimua mbio, mnyama! Wengi hapa wanaandika "mnyama ni hofu yao" wanaendelea, mimi naona wanaacha nyama wanakula mfupa. Huyo mnyama ni askari aliyekufa akipigana vita vya hao watu wazima wanaotegemewa kuja kuokoa! Na Simon, mmoja wa watoto, aliyepanda mlimani akajua ni maiti tu, anauawa na wenzake sura ya 9 akishuka kuwaambia.

Kuhusu Jack, usiseme tu "amebadilika". Fuata neno "sisi" lake. Mwanzoni ni sisi Waingereza, baadaye ni sisi kabila, yaani kundi lake lililojitenga na Ralph, na sura ya 10 anawaambia watu wake mnyama anaweza kurudi, wakae macho. Anaihitaji hofu hiyo, ikiisha nani atakaa naye pale mwambani, kwenye ngome ya kabila lake?

Historia weka sentensi moja inatosha: Golding alikuwa mwalimu, akapigana vita vya pili kwenye jeshi la majini la Uingereza, kitabu kikatoka 1954. Mambo ya Nobel ya 1983 hayakuongezei maksi hapa.

Malizia na yule afisa wa jeshi la majini anayekuja kuwaokoa sura ya 12. Anashangaa vijana wa Kiingereza wameshindwa kufanya vizuri zaidi, yaani maneno ya Jack yamerudi kwa mdomo wa mtu mzima mwenye bastola. Ralph anaanza kulia, afisa anaona aibu, anageuka kuangalia manowari yake. Nukuu hapo anapogeuka, halafu andika manowari hiyo inaelekea kufanya kazi gani.